Rudolf Diesel

Rudolf Christian Karl Diesel (alizaliwa Paris, Ufaransa, 18 Machi 1858; alifariki baharini kati ya Ubelgiji na Uingereza usiku wa 29 Septemba 1913) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka Ujerumani. Anajulikana kama mbuni wa injini inayowasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa, bila kutumia cheche ya plagi. Injini hiyo, pamoja na mafuta yanayotumika ndani yake, huitwa dizeli kutokana na jina lake.

Leo injini za aina hiyo zinaendesha malori, mabasi, meli, matrekta, jenereta na mashine za kusaga. Hata hivyo injini aliyoiacha Diesel mwenyewe isingeweza kufungwa kwenye lori la kawaida. Ilikuwa kubwa na nzito, na sababu moja kuu ni kwamba hakuwahi kupata njia nyepesi ya kuingiza mafuta ndani ya silinda. Kazi hiyo sasa hufanywa na pampu ya mafuta na nozeli, kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Diesel alikitafuta kwa miaka mingi, akafa kabla hakijakamilika.

Utoto

Wazazi wake walikuwa Wajerumani waliohamia Paris. Baba, Theodor Diesel, alitoka katika familia ya wajalidi wa vitabu ya mji wa Augsburg katika Bavaria, na huko Paris alitengeneza bidhaa za ngozi. Mama yake, Elise Strobel, alitoka Nürnberg. Rudolf alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Familia haikuwa na mali, na mtoto huyo alitumwa kupeleka bidhaa za baba yake kwa wateja kwa mkokoteni.

Mwaka 1870 vita kati ya Ufaransa na Ujerumani ilibadilisha maisha yao. Wajerumani wengi walilazimika kuondoka Ufaransa, na familia ya Diesel ikakimbilia London. Kabla ya vita kwisha, mama yake alimtuma Rudolf, aliyekuwa na umri wa miaka 12, aende peke yake hadi Augsburg kukaa na jamaa zao, Christoph na Barbara Barnickel. Barnickel alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya ufundi ya mji huo, na kijana akaandikishwa hapo. Alipofikisha miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba amekusudia kuwa mhandisi. Alimaliza shule mwaka 1873 akiwa wa kwanza darasani.

Masomo

Mwaka 1875 alipata ufadhili wa kusoma katika chuo cha ufundi cha kifalme mjini Munich. Wazazi walipinga, walitaka aanze kufanya kazi na kuleta mshahara nyumbani. Yeye aliukubali ufadhili.

Huko Munich alifundishwa na Carl von Linde, mhandisi aliyebuni mashine za kutengeneza barafu na kupoza hewa. Ni katika masomo ya Linde kwamba Diesel alielewa jinsi injini za mvuke zilivyopoteza nishati. Mashine nyingi za wakati ule zilibadilisha sehemu moja tu kati ya kumi, au pungufu, ya joto la makaa kuwa kazi. Sehemu iliyobaki ilitoka na moshi au ikapotea na mvuke. Mfaransa Sadi Carnot alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1824 kwamba kinadharia inawezekana kupata zaidi ya hapo. Swali hilo halikumtoka Diesel kichwani tena.

Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo na kushindwa kufanya mtihani wa mwisho pamoja na wenzake. Wakati akisubiri nafasi nyingine alifanya kazi katika kiwanda cha Sulzer huko Winterthur, Uswisi. Alihitimu Januari 1880 kwa alama za juu kabisa.

Kazi ya barafu

Linde alimwajiri mara moja na kumrudisha Paris kusimamia ujenzi wa kiwanda cha barafu. Mwaka uliofuata Diesel alikuwa mkurugenzi wa kiwanda hicho. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, na wakapata watoto watatu: Rudolf, Hedy na Eugen. Mtoto wa mwisho, Eugen, baadaye aliandika kitabu kuhusu maisha ya baba yake.

Kwa miaka kadhaa Diesel alijaribu kutengeneza injini inayotumia mvuke wa amonia badala ya mvuke wa maji. Jaribio hilo halikuzaa injini ya kuuzwa, lakini lilimfundisha mengi kuhusu gesi zenye shinikizo kubwa. Mwaka 1890 alihamia Berlin na familia yake kuendelea na kazi ya kampuni ya Linde. Kwa kuwa hakuruhusiwa kutumia kwa faida yake mwenyewe yale aliyoyabuni katika fani ya barafu akiwa mwajiriwa, alitafuta jambo lililo nje ya fani hiyo.

Wazo na hataza

Anayejaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba pampu hupata joto. Hewa ikigandamizwa haraka huchemka. Diesel aliliwazia jambo hili katika kiwango kikubwa: kama hewa ndani ya silinda itagandamizwa vya kutosha, itakuwa na joto la kuwasha mafuta yenyewe. Basi mafuta yaingizwe wakati huo tu, pistoni ikiwa imefika juu, nayo yatawaka bila plagi. Na kwa kuwa mgandamizo ni mkubwa, sehemu kubwa zaidi ya joto itageuka kuwa nguvu ya kusukuma pistoni.

Aliomba hataza ya Ujerumani mwaka 1892, ikatolewa mwanzoni mwa mwaka 1893 kwa namba 67207. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kidogo cha kueleza nadharia yake. Hesabu za kitabu hicho zilidai shinikizo ambalo hakuna kiwanda kilichoweza kulihimili, na Diesel mwenyewe alizipunguza mara tu alipoanza kazi. Wapinzani wake hawakumsamehe kwa hilo. Walisema, na si bila sababu, kwamba injini iliyokuja kufanya kazi haikuwa ileile iliyoandikwa kwenye hataza ya kwanza.

Heinrich von Buz, mkurugenzi wa kiwanda cha mashine cha Augsburg (kilichokuja kuwa sehemu ya kampuni ya MAN), alikubali kumpa karakana na mafundi. Kampuni ya Krupp ilichangia fedha.

Majaribio ya Augsburg

Jaribio la kwanza lilifanyika 10 Agosti 1893. Injini ilikuwa ya silinda moja, imesimama wima, yenye urefu wa takriban mita 3. Mafuta yalipoingia yaliwaka kweli, lakini kwa mshindo uliovunja kipimo cha shinikizo na kurusha vipande vyake karakanani. Diesel na wasaidizi wake walinusurika. Injini haikuweza kujiendesha, ila ilithibitisha kwamba hewa iliyogandamizwa inawasha mafuta.

Injini iliyotengenezwa upya ilijaribiwa 17 Februari 1894. Siku hiyo ilizunguka kwa nguvu yake yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi, mizunguko 88. Inasimuliwa kwamba aliyegundua kwanza alikuwa fundi mmoja, aliyeona mkanda wa mashine ukivutwa upande wa pili: sasa injini ndiyo iliyouvuta mkanda badala ya kuvutwa nao. Fundi huyo akavua kofia bila kusema neno.

Kutoka dakika hiyo moja hadi injini ya kuuzwa ilipita miaka mitatu. Sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye swali moja: mafuta yaingieje?

Ugumu wake unaeleweka. Mafuta yanatakiwa kuingia mahali ambapo tayari kuna shinikizo la zaidi ya mara 30 ya hewa ya kawaida. Kiasi kinachohitajika kwa mlipuko mmoja ni matone machache tu. Matone hayo lazima yapasuliwe kuwa ukungu mwepesi, maana mafuta yakiingia kama mchirizi hayawaki yote; yanabaki masizi na moshi. Na yote hayo yafanyike katika sehemu ndogo ya sekunde, kwa kiasi kilekile kila mzunguko. Diesel alijaribu kuyasukuma mafuta moja kwa moja kwa pampu. Pampu na nozeli za karakana za wakati ule hazikuweza kupima kiasi kidogo hivyo, zilivuja, na ukungu haukupatikana.

Akageukia njia nyingine. Aliweka kompresa iliyojaza hewa kwenye chupa ya chuma kwa shinikizo kubwa kuliko lile la ndani ya silinda, na hewa hiyo ikayapuliza mafuta ndani. Njia hii ilitoa ukungu mzuri na moto safi. Lakini kompresa ilikuwa mashine nzima iliyobebwa na injini, ikila sehemu ya nguvu yake, ikihitaji uangalizi, na ikiharibika mara kwa mara. Diesel alijua kwamba huo ulikuwa msaada wa muda. Msaada huo ulibaki kwenye injini zake mpaka alipokufa.

Tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich alipima rasmi injini ya tatu. Ilitoa nguvu ya karibu farasi 18 ikizunguka mara 154 kwa dakika, na ufanisi wake ulikuwa asilimia 26.2. Hakuna injini ya joto iliyowahi kufikia kiwango hicho. Uzito wake ulikuwa tani nne na nusu hivi. Kwa hesabu hiyo kila nguvu moja ya farasi ilibebwa na robo tani ya chuma, jambo lisilo na shida kwenye sakafu ya kiwanda lakini lisilowezekana barabarani.

Utajiri na madeni

Baada ya vipimo vya Schröter wanunuzi walipanga foleni. Adolphus Busch, mtengenezaji bia wa St. Louis, alilipa marki milioni moja kwa haki za Marekani. Emanuel Nobel, ambaye familia yake ilikuwa na visima vya mafuta huko Baku, alinunua haki za Urusi mwaka 1898. Mwaka huo iliundwa kampuni ya kumiliki hataza zote, na Diesel akapewa marki milioni 3.5. Mtoto wa fundi ngozi akawa milionea kabla ya kufikisha miaka 41.

Injini zenyewe hazikuwa tayari. Injini ya kwanza kufungwa kiwandani, katika kiwanda cha viberiti cha Kempten mwaka 1898, ilisumbua sana wenyewe. Sehemu za kupulizia mafuta ziliziba na valvu zilivuja. Wanunuzi wengine walirudisha mashine. Mafundi wa Augsburg, hasa Imanuel Lauster, walifanya kazi ya miaka kadhaa kurekebisha kasoro moja baada ya nyingine, na sifa ya injini ikapona polepole. Diesel mwenyewe alichoka hadi akalazwa kwa ugonjwa wa mishipa na maumivu ya kichwa. Wakati huohuo alikuwa na kesi za hataza mahakamani.

Fedha hazikukaa. Alijenga jumba la fahari mjini Munich, akanunua viwanja kwa bei ya kuruka na kuweka mtaji kwenye visima vya mafuta vya Galisia. Alikuwa mhandisi mzuri na mfanyabiashara mbaya, na kila hasara aliifunika kwa mkopo mwingine bila kuwaambia watu wa nyumbani. Mwaka 1903 aliandika pia kitabu kuhusu namna wafanyakazi wangeweza kumiliki viwanda kwa ushirika. Nakala chache tu zilinunuliwa, ingawa yeye alikithamini sana.

Mafuta ya karanga

Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900 injini ya Diesel ilipata tuzo kuu. Katika maonyesho hayo injini moja ndogo ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Wazo lilitoka kwa serikali ya Ufaransa, iliyofikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zililimwa kwa wingi: kama injini ingeweza kula mazao ya hapohapo, makoloni yasingehitaji kuagiza makaa wala petroli. Diesel alirudia majaribio hayo baadaye na kuyaeleza katika mihadhara yake ya mwaka 1912. Aliona kwamba siku moja mafuta ya mimea yangeweza kuwa na umuhimu kama ule wa petroli na makaa.

Habari hii hutajwa mara nyingi na kuongezewa chumvi, kana kwamba Diesel alibuni injini yake kwa ajili ya karanga. Sivyo; katika mipango ya kwanza alifikiria hata vumbi la makaa ya mawe. Nchini Tanzania wazo la mafuta ya mimea lilirudi katika miaka ya 2000, makampuni yalipopanda mbono kaburi kwa ajili ya dizeli. Miradi mingi kati ya hiyo haikudumu. Upande wa ufundi, mafuta ghafi ya mimea ni mazito kuliko dizeli na huacha utomvu unaoziba matundu ya nozeli, isipokuwa yamebadilishwa kikemia au kupashwa moto kwanza.

Meli

Kama barabara zilimkataa, maji yalimpokea, kwa sababu meli haijali uzito sana. Mwaka 1903 Warusi waliweka injini za dizeli katika meli ya kubebea mafuta iliyoitwa Vandal, kwenye mto Volga. Mwaka 1912 Denmark ilianza kutumia Selandia, meli kubwa ya baharini iliyosafiri hadi Asia bila dohani la moshi. Serikali za Ulaya zilianza kuweka injini hizo kwenye nyambizi. Diesel alizuru Marekani mwaka huohuo na kupokewa kwa heshima kubwa.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Mwishoni mwa 1912 alitoa mhadhara mjini Berlin kuhusu historia ya injini yake, na baadhi ya maprofesa walimshambulia hadharani kwamba anajitwalia kazi ya mafundi wa Augsburg. Mwaka 1913 alichapisha kitabu kujibu. Kufikia hapo madeni yake yalizidi mali aliyokuwa nayo.

Kifo

Jioni ya 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli ya Dresden huko Antwerpen, Ubelgiji, kwenda Harwich, Uingereza. Alikuwa njiani kuhudhuria mkutano wa kampuni ya kutengeneza injini zake. Alikula chakula cha usiku na wenzake wawili, mmoja akiwa George Carels, mwenye viwanda kutoka Ubelgiji. Yapata saa nne usiku aliwaaga, akaomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo, akaenda chumbani kwake.

Asubuhi hakuwemo. Kitanda hakikulaliwa na nguo za kulalia zilikuwa zimetandazwa. Kofia na koti lake vilikutwa sitahani, vimekunjwa vizuri karibu na ukingo wa meli. Siku kumi baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti ikielea. Ilikuwa imeharibika mno, hivyo walichukua vitu vidogo mfukoni na kuirudisha baharini, kama ilivyokuwa desturi. Tarehe 13 Oktoba mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Kabla ya safari Diesel alikuwa amempa mkewe begi na kumwomba asilifungue kwa wiki moja. Ndani yake mlikuwa na fedha taslimu na karatasi zilizoonyesha kwamba akaunti zake zilikuwa karibu tupu. Katika shajara yake tarehe 29 Septemba ilitiwa alama ya msalaba. Kwa sababu hizo waandishi wengi wa maisha yake huona kwamba alijiua. Wengine wamedai kwamba aliuawa, ama na watu wa biashara ya mafuta ama na wapelelezi wa Ujerumani waliohofia siri za nyambizi. Madai hayo hayajapata ushahidi wa kutosha, na yanapendwa zaidi na waandishi wa riwaya.

Nozeli bila kompresa

Diesel alipokufa, wahandisi wengine walikuwa tayari wakishughulikia tatizo lake. Prosper L'Orange, aliyefanya kazi katika kampuni ya Benz, alipata mwaka 1909 hataza ya chumba kidogo cha awali ambamo mafuta huanza kuwaka kabla ya kuenea kwenye silinda. Baadaye aliboresha nozeli ya sindano. Huko Uingereza kampuni ya Vickers ilisukuma mafuta kwa pampu bila hewa kwenye injini za nyambizi. Benz na MAN walitoa malori ya dizeli kati ya 1923 na 1924.

Kilichokosekana kilikuwa pampu na nozeli zinazoweza kutengenezwa kwa maelfu, zote zikiwa sawasawa. Robert Bosch wa Stuttgart, aliyejulikana kwa vifaa vya umeme vya kuwashia injini za petroli, aliamua mwaka 1922 kuifanya kazi hiyo. Mwishoni mwa 1927 kiwanda chake kilianza kuuza pampu za mafuta kwa wingi. Kompresa ikatupwa, na injini ya dizeli ikapungua uzito kiasi cha kuingia hata kwenye gari dogo: Mercedes-Benz 260 D ya mwaka 1936.

Muundo wa nozeli ya kawaida ni rahisi kueleza. Ndani yake mna sindano iliyokandamizwa na springi. Pampu ikisukuma mafuta, shinikizo huinua sindano, mafuta hupita kwenye matundu membamba kama unywele na kutoka kama ukungu. Shinikizo likishuka, springi hufunga mara moja. Nafasi kati ya sindano na ala yake hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Ndiyo maana karakana za mwaka 1894 hazikuiweza. Katika magari ya kisasa nozeli hufunguliwa kwa umeme chini ya amri ya kompyuta, na shinikizo linaweza kuzidi bar 2,000.

Katika Nyanda za Juu za Kusini

Ruaha Mbuyuni ni kata ya Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa, kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Iko bondeni karibu na mto Ruaha Mkuu, mpakani na Mkoa wa Morogoro, na inajulikana kwa vitunguu na mibuyu yake. Malori yaendayo Iringa yakishapita hapo huanza kupanda mlima Kitonga, wenye kona kali na ukuta wa jiwe upande mmoja na bonde upande wa pili. Kwenye mwinuko huo injini hutakiwa kutoa nguvu yote kwa mwendo wa polepole. Lori lenye nozeli mbovu hujitangaza lenyewe kwa moshi mweusi.

Barabara hiyo ni sehemu ya historia ya dizeli katika eneo hili. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru kwa upande mmoja tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilipoteza njia yake ya kawaida ya kupata mafuta. Malori yalianza kuyabeba kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya udongo iliyojulikana kama Njia ya Jehanamu kwa sababu ya ajali. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikamilika, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara ikawekwa lami. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita Makambako na Mbeya, ilitumia vichwa vya treni vya dizeli tangu mwanzo. Huko Ziwa Tanganyika meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka aliokufa Diesel ikiwa na injini za mvuke, ilibadilishiwa injini za dizeli katika miaka ya 1970.

Nozeli mikononi mwa fundi

Dalili za nozeli chafu ni zilezile zilizomsumbua Diesel: injini hutetemeka ikiwa kwenye sailensa, inagonga, inakosa nguvu mlimani, inakula mafuta na kutoa moshi mweusi. Moshi mweupe unaodumu baada ya injini kupata moto unaweza kuonyesha mafuta yasiyowaka. Wa bluu kwa kawaida ni oili. Chanzo mara nyingi ni mafuta yenye maji au vumbi, au chujio lililopitwa na wakati. Kwa hiyo kubadilisha chujio na kumwaga maji yaliyotuama ndani yake hutangulia kufungua nozeli. Dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara imeharibu pampu nyingi.

Nozeli za injini za zamani, zenye pampu ya kawaida, zinaweza kufunguliwa nyumbani na mtu mwangalifu. Injini iwe imepoa. Sehemu yote ya kuzunguka nozeli husafishwa kwanza, kwani mchanga ukiangukia kwenye tundu huingia moja kwa moja kwenye silinda. Mabomba yakishafunguliwa huzibwa ncha kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi au kwa kofia za plastiki. Kila nozeli huwekewa alama ili irudi kwenye silinda yake. Iliyogandia huloweshwa na mafuta ya kupenya na kuzungushwa polepole; kuipiga nyundo hupasua kichwa cha injini. Masizi ya nje huondolewa kwa dizeli safi na brashi ya shaba. Waya wa chuma hautumiki kuchokolea matundu, kwa sababu tundu likipanuka kidogo tu ukungu hupotea na mafuta hutoka kama mkojo wa mbuzi. Washa za shaba huwekwa mpya wakati wa kurudisha, kisha hewa hutolewa kwenye mabomba kabla ya kuwasha.

Kupima ukungu na shinikizo la kufunguka ni kazi ya fundi wa pampu mwenye mashine yake. Hatari hapa si ndogo. Mafuta yanayotoka kwenye nozeli yana nguvu ya kutoboa ngozi na kuingia mwilini, huku jeraha likionekana dogo kama la kuchomwa sindano. Aliyepigwa hivyo apelekwe hospitali saa ileile hata kama hasikii maumivu, maana kuchelewa kumewafanya watu wakatwe vidole au mkono. Hakuna kuweka mkono mbele ya nozeli wala kutafuta mvujo kwa kidole. Kwa injini za kisasa zenye mfumo wa shinikizo la juu la pamoja, mabomba hayalegezwi kabisa injini ikiwa inaunguruma, na nozeli zake nyingi zina namba ambazo lazima zisajiliwe kwenye kompyuta ya gari zikibadilishwa.

Kumbukumbu

Injini iliyopimwa na Schröter mwaka 1897 imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Ujerumani mjini Munich. Mjini Augsburg kuna bustani ya mawe kwa heshima ya Diesel. Ilitolewa mwaka 1957 na Mjapani Magokichi Yamaoka, mwanzilishi wa kampuni ya Yanmar, ambaye mwaka 1933 alitengeneza injini ya dizeli ndogo ya kutosha kutumiwa na mkulima shambani.